Meza ya Kukatia Viatu

Siku msimamizi alipoweka vile viatu juu ya meza, Mashoto alimtambua baba mkwe wake kabla hata hajakitambua kiatu. Ulikuwa mshono wake, mfupi mfupi, uliolala upande mmoja, kila tundu mahali pake, uzi umepakwa nta mpaka unang'aa. Mji mzima hakuna fundi mwingine aliyekuwa na subira ya kushona namna ile. Akaendelea kushika kisu chake kama asiyeona kitu.

Msimamizi alikuwa kijana mpole, shati limenyooka, asiyeachana na kishikwambi chake hata akienda msalani. Wafanyakazi walimwita Kishikwambi asipokuwepo, na yeye alijua, wala hakujali. Hakuwa mtu wa kufoka. Aliwataka wanawake sita wa meza ile waweke visu chini wasogee.

"Mnavijua viatu hivi?"

Alikifungua kimoja.

"Vilikatwa hapa hapa. Alama yetu bado imo, tazameni, chini ya ulimi. Jana mteja mmoja ametuandikia mbele ya watu wote, anauliza mbona yeye alinunua kwa bei kamili, halafu jirani yake kanunua viatu vile vile sokoni kwa bei ya sabuni. Wakubwa wamewaka. Wametuma mtu sokoni, karudi na jozi kumi na moja. Kumi na moja, jamani!"

Mtu asiyeijua kazi ile hawezi kuamini, kwa hiyo ni heri ielezwe mara moja yaishe. Kampuni iliuza nguo na viatu mtandaoni. Mteja akipenda kiatu, haagizi kimoja. Anaagiza saizi tatu, na pengine rangi mbili, anavijaribu vyote sebuleni kwake, anabaki na jozi moja na kurudisha zilizobaki. Kurudisha ni bure, ndivyo tangazo lilivyosema kwa herufi kubwa. Sasa kiatu kilichorudi, ili kiuzwe tena, lazima mtu akifungue, akikague, akipanguse vumbi la zulia la watu, akitafutie boksi jipya na karatasi mpya na plastiki mpya, kisha akiandikishe upya. Kuna mwenye elimu yake mahali fulani alishakaa akapiga hesabu, akaona kazi yote hiyo inazidi thamani ya kiatu chenyewe. Kuviuza rahisi kungeshusha jina la kampuni, na kuvigawa bure ndiyo kabisa. Basi vikaletwa meza ya kukatia.

Pale kilikatwa kiatu cha kushoto tu. Mama Pacha, aliyekuwa mkongwe wa meza ile na mdomo wake hauna breki, ndiye aliyempa Mashoto sababu siku alipoanza kazi. "Ukishamuua mume, mke unahangaika naye wa nini? Nani atamwoa akiwa peke yake?" Kiatu kilichokatwa na mwenzake mzima vilitupwa kwenye magunia, magunia yakapakiwa kwenye lori, lori likaenda jalala kuu, na huko vilitakiwa vichomwe moto. Upepo ukigeuka, moshi wake ulirudi mjini mweusi ti, ukatua kwenye nguo zilizoanikwa.

"Sasa nisikilizeni," Kishikwambi aliendelea, akiinua kiatu cha kushoto. "Jozi zote kumi na moja hazikukatwa kwenye ngozi. Zimekatwa juu ya mshono. Kuna mtu amefuata mshono polepole, kama anayefumua nguo. Fundi akikipata kiatu kama hiki kazi yake ni kurudishia uzi, basi. Na kisu kimeingia huku, kikatokea huku."

Hakumtazama mtu. Mama Pacha ndiye aliyeutupia jicho mkono wa kushoto wa Mashoto, ule uliompa jina, kisha akayahamishia macho yake darini kana kwamba kuna kitu anakisoma huko.

"Kuanzia kesho mnakata vyote viwili. Kukingama, katikati, mpaka soli iachane. Halafu rangi nyekundu juu yake. Mikataba ya miezi sita inaisha mwezi ujao, na mnajua kuna nafasi mbili za kudumu. Lakini kikionekana kiatu kingine kimoja sokoni, kimoja tu, meza hii inavunjwa na nyote mnakwenda nyumbani. Sipendi. Ndivyo nilivyoambiwa."

Wengine waliporudi kwenye viti vyao, alimwambia Mashoto abaki.

"Dada, mimi sikuulizi kitu. Hapa anayetumia kushoto ni wewe peke yako. Nimeliona, sijaliandika." Alishusha sauti. "Nani anayevishona?"

"Sijui."

"Kweli hujui?"

"Mafundi ni wengi, kaka. Nitamjua vipi?"

Kijana alitikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyeuliza kwa sababu ilimbidi aulize. Kisha akavisukuma vile viatu viwili mpaka mbele yake. "Basi. Anza na hivi, nikuone."

Mashoto alikata. Kisu kilipita juu ya uzi ule wenye nta, tundu moja baada ya jingine, mpaka kikaifikia soli, na ilimbidi asimame akilalie kwa uzito wake wote ndipo soli ikaachia. Aliona aibu kuliko siku yoyote aliyoishi duniani, na machozi yalimjia, akayarudisha yalikotoka. Kishikwambi alisema asante, akaenda zake.

*

Nyumbani walikuwa na vyumba viwili vya kupanga, na mbele ya chumba cha kwanza, chini ya bati lililoshikiliwa na mawe, palikuwa na kibanda cha baba mkwe. Hapo mzee alikaa toka asubuhi na nyundo yake, nyuzi zake, na kile chuma cha mguu wa juu chini anachovishia kiatu. Alikuwa mtu wa miaka arobaini kwenye kazi hiyo, na kabla ya mambo haya ya magunia alikuwa amefika mwisho. Watu walikuwa hawaleti tena viatu. Kamba ya ndala ikikatika njiani, mtu alishaagiza ndala nyingine kabla hajafika kwake. Ikafika mahali mzee akawa anamwomba mwanawe hela ya kunyolea ndevu. Alikuwa anaiomba huku ameangalia pembeni, na mwanawe anampa huku naye ameangalia pembeni.

Ndipo likaja gunia la kwanza. Mwanamke mmoja aliyeokota vitu jalalani, mtaani wakimwita Mama Magunia, alilibwaga mbele ya kibanda siku ya Jumatano akauliza kama hivi vinashoneka. Mzee aliingiza mkono, akatoa kiatu kipya kabisa kilichopasuliwa ubavuni, akacheka kwa sauti. Toka siku hiyo alipata tena kelele zake. Akawa anagomba na watoto wa jirani, anapiga mluzi, anakosoa chumvi kwenye chakula. Sukari ya nyumba akawa anainunua yeye, na ole wako uinunue wewe.

Mashoto alikuwa amewaambia wote kwamba kazini kwao yeye ni mkaguzi. Ungemwambiaje fundi viatu kwamba unaamka alfajiri kwenda kukata viatu? Alipoliona gunia lile alivijua viatu vyake kimoja kimoja, akaingia ndani, akajifanya kichwa kinamuuma. Kesho yake, pale mezani, kisu chake kikaanza chenyewe kufuata mshono. Hakukaa chini akaamua. Mkono ulianza, naye akauacha, na miezi mitano ikapita hivyo. Mchana alikata, Jumatano gunia likaja, mzee akashona, na hakuna aliyesema neno.

Jioni ile alisimama kwenye kibanda bila kuvua mkoba begani.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Umechelewa leo."

"Kulikuwa na kikao." Alijikohoza. "Baba, hivi viatu vya Mama Magunia... nimesikia havitakuwa vinakuja tena kama hivi."

Mzee alikuwa amebana sindano kwa meno. Aliitoa. "Umesikia wapi?"

"Kazini."

"Kule kwenye ukaguzi."

"Ndiyo, Baba. Kwenye ukaguzi."

"Haya." Akapitisha uzi, akavuta, akapitisha tena.

"Nilikuwa nasema, labda ungepumzika navyo kidogo. Hata mwezi mmoja. Huko sokoni wanaviangalia sasa."

"Nipumzike nifanye nini, mwanangu?" aliuliza, na hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kweli kuelezwa. Mashoto aliingia ndani kubandika maji.

Mumewe alirudi saa moja, pikipiki yake imebeba boksi tupu nyuma kubwa kama kabati. Alikuwa msambazaji wa vifurushi, mtu wa maneno mengi na mabega mapana, na kila jioni alirudi na kisa.

"Leo nimempelekea yule mama wa ghorofani gauni lake kwa mara ya nne. Mara ya nne! Kwanza refu, pili fupi, tatu rangi siyo ile ya kwenye simu. Leo ananiambia, 'Subiri hapo hapo nilivae.' Kalivaa, kajipiga picha, kalivua, kanirudishia. Lile gauni limetembea kuliko mimi. Laiti lingekuwa na leseni ningelikabidhi pikipiki liende lenyewe." Alicheka, akaanza kula. "Petroli yangu yote inaishia kwa gauni moja, mama watoto. Tena likirudi huko sijui huwa mnalifanya nini."

"Tunalikagua," Mashoto alisema.

Baba mkwe alikuwa anatafuna. Alitafuna tu.

*

Kukata kukingama ilikuwa kazi ya mabega. Siku ya tatu Mama Pacha hakuweza kuinua mkono kufunga kilemba chake, ikabidi afungwe na wenzake. Rangi nyekundu iliingia chini ya kucha, ikaingia kwenye mistari ya viganja, na mafuta ya taa hayakuitoa yote. Kwenye meza maongezi yalikufa. Zamani walikuwa wakikata huku wakiteta waume zao, sasa kila mtu alihema tu. Kishikwambi alipita mara mbili kwa siku, akaokota kiatu kimoja kutoka mbele ya Mashoto, akakipinda, akakirudisha. Mashoto alikuwa anakata sawasawa, tena kuliko wote. Alikuwa na watoto wawili shuleni na kodi ya nyumba, na ile nafasi ya kudumu ilikuwa na bima ya matibabu. Alijieleza hayo kila kisu kiliposhuka.

Jumatano alikuta kibanda kiko kimya. Mzee amekaa, miguuni pake gunia liko wazi, na mbele yake zimetandazwa nusu za viatu, nyekundu tupu, kama nyama buchani. Kimoja alikuwa amekiunganisha. Alikuwa amekitia gundi, akakipigilia misumari midogo, akakizungushia ukanda wa tairi, akashona. Ilionekana kimemchukua siku nzima.

"Nimekivaa nikasimama," alisema. "Kikaachia."

Mashoto aliketi kwenye kigoda cha wateja. Mikono yake aliificha ndani ya mtandio.

"Itoe tu mwanangu, rangi nimeshaiona toka juzi." Mzee alikiweka kile kiatu chini. "Mkono wako niliujua toka gunia la kwanza. Wewe unakata ukitokea huku, kila mtu anakata akitokea huku. Kitunguu unakikata hivyo hivyo. Nakula chakula chako miaka tisa, nitaacha kuujua mkono wako?"

"Mbona hukusema, Baba?"

"Niseme nini?"

"Hata ungenitukana."

"Nikutukane, halafu? Gunia la kwanza lilikuwa la hovyo, mtu amechana ngozi tu. La pili nikaona kisu kimeanza kufuata mshono. Nikasema, aha, huyu ananiachia njia. Nami nikapita. Maneno ya nini tena?" Alizisogeza zile nusu kwa mguu. "Hivi vya leo havina njia."

Hapo Mashoto alilia. Alimwambia yote, kikao, mkataba, viatu vile alivyowekewa mbele akavikata, na jinsi alivyosema hamjui aliyevishona. Alisema hilo la mwisho mara mbili, kwa kuwa ndilo lililomchoma zaidi, kumkana mzee huyu mbele ya mtoto mdogo mwenye shati la pasi. Mzee alimwacha aseme mpaka akamaliza.

"Ulifanya vizuri kutonijua," alisema. "Ungenijua tungekosa wote wawili. Watoto wanakula kwa mkono wako, hawali kwa hivi." Akaanza kuzikusanya zile nusu na kuzirudisha kwenye gunia, moja moja, za kulia na za kulia, za kushoto na za kushoto, kwa mazoea tu, maana hazikuwa na kazi tena.

Mama Magunia alikuja Jumatano mbili zaidi, kisha akaacha. Kibanda hakikukaa kitupu. Mumewe Mashoto, kwa nia njema kabisa, alianza kuacha hapo vifurushi vya majirani wasiokuwepo nyumbani. "Baba si yupo tu," alisema. Basi wale wale waliokuwa wakimwita fundi wakawa wanapita jioni, "Mzee, mzigo wangu umefika?" naye anatia sahihi, anatoa boksi, anapokea boksi la kurudishwa. Wengine walifungulia hapo hapo, wakaacha mifuko ya plastiki ikipeperuka mpaka mtaroni. Mzee aliiokota asubuhi kwa ncha ya fimbo. Mluzi haukusikika tena, na siku moja Mashoto alimwona amesimama karibu na mwanawe, ameangalia pembeni, anajishika kidevu.

*

Ukaja msimu wa punguzo la bei, na baada ya wiki mbili ukaja msimu wake wa marejesho. Malori yalipanga foleni nje ya ghala mpaka barabara kuu, yakishusha mwezi huu yale yale yaliyopakia mwezi uliopita. Meza ya kukatia haikutosha tena. Mkataba wa kudumu Mashoto alikuwa ameshautia sahihi, yeye na Mama Pacha, na Kishikwambi alimpongeza kwa kumpa mkono. Alifurahi siku ile. Angekuwa mwongo kusema hakufurahi.

Jumapili moja mchana walikuwa wanakula, mumewe akawa anasoma simu kwa mkono wa kushoto huku wa kulia uko kwenye sahani.

"Mama watoto, kwenu wanatafuta watu. Wametuma kwenye kundi letu la wasambazaji. 'Wakataji kumi, kazi ya kukaa, umri wowote, aje na kitambulisho.' Wakataji wa nini?"

Mashoto aliweka tonge chini.

"Wa viatu."

"Viatu gani?"

"Vinavyorudi. Unavyovirudisha wewe. Tunavikata, vinatupwa."

Mumewe alicheka, akasubiri naye acheke, akaona hacheki. "Mnavikata? Vipya? Si ulisema unakagua?"

"Nilisema."

"Kwa hiyo mimi..." Aliinua mkono, akaonyesha nje ilipoegeshwa pikipiki, akashindwa kumalizia. Baadaye, kwa kutaka tu kulainisha mambo, alimgeukia baba yake. "Basi Baba angewafaa hao. Si ana kisu chake tayari?"

Mzee alikunywa maji, akafuta mdomo kwa nyuma ya mkono.

"Wanafungua saa ngapi?" aliuliza.

"Baba, si lazima," Mashoto alisema haraka. "Tunamudu. Mkataba wangu sasa ni wa kudumu, na hata hela ya kinyozi..." Akajing'ata ulimi, amechelewa.

"Sijasema ni lazima, mwanangu. Nimeuliza saa."

"Saa moja kamili."

"Haya," alisema baba mkwe, akaendelea kula.

*

Kishikwambi aliwapokea wakataji wapya mlangoni, akawapigia picha vitambulisho, akawagawia aproni na visu. Akamketisha mzee kwenye kiti kilichokuwa kitupu karibu na Mashoto. Hakujua kuwa ni mtu na mkwewe.

"Shikamoo," Mashoto alisema.

"Marahaba, mwanangu," mzee alijibu, na kwa kuwa ndivyo watu wote wanavyosalimiana, hakuna aliyegundua kitu.

Mzee hakuvaa glavu alizopewa. Alivuta kiatu cha kwanza, cha mtoto, cha buluu, akakipindapinda, akaingiza vidole ndani, akakibonyeza kisigino kwa dole gumba. Akakigeuza, akaanza upya toka kwenye ulimi. Miaka arobaini hakuna mtu aliyewahi kumpa kiatu bila kumwambia kinaumwa wapi.

"Hiki kina ubaya gani?" aliuliza.

"Hakina, mzee," Kishikwambi alisema.

Akakiweka, akachukua kingine, cha kike, cha ngozi laini, mshono wake mzuri hata yeye alitikisa kichwa kwa kuukubali. Alikikagua vilevile, ndani na nje.

"Na hiki?"

"Nacho hakina." Kijana alitabasamu kwa adabu. "Vyote havina ubaya, mzee wangu. Wewe kata tu."

Mzee alikiweka kiatu mapajani. Mashoto alikuwa ameacha kukata. Alikuwa anaomba kitu kimoja tu moyoni, mzee huyu asimame, aweke kisu, atoke nje, na yeye atamfuata. Wakati ule aliamini kweli kwamba angemfuata.

Mzee alikilaza kiatu kifudifudi. Dole gumba lake lilitembea juu ya soli, likatafuta, likasimama. Akatia ncha ya kisu hapo, akakilaza kidogo, akabonyeza mara moja, na kiatu kikaachana vipande viwili bila hata mlio. Wenzake walikuwa bado wanahangaika na kile cha kwanza, wamesimama, wanakilalia kwa vifua. Kishikwambi aliokota vile vipande, akavitazama, akamtazama mzee.

"Jamani acheni kwanza. Sogeeni wote muone. Mzee, tafadhali rudia, polepole."

Wanawake walisogea. Mzee alichukua kile cha buluu.

"Kiatu kinambebea mtu hapa," alisema, kwa sauti ya mtu anayefundisha. "Ndani kuna utepe wa chuma. Msishindane nao. Piteni nyuma yake, halafu lazeni kisu. Hivi." Kikaachana. "Ukikikata hapa hakuna fundi wa kukirudisha."

"Una uhakika?" Kishikwambi aliuliza, kidole kiko tayari juu ya kioo aandike.

"Nina uhakika."

Wakarudi kwenye viti, wakaanza kujaribu. Mashoto alichukua kiatu, akakilaza kifudifudi, akatafuta mahali alipoonyeshwa, akapakosa. Akatafuta tena, macho hayaoni vizuri. Baba mkwe wake aliegemea upande wake, akaushika ule mkono wa kushoto, akausogeza nyuma kidogo.

"Hapo, mwanangu," alisema. "Sasa kata."